Ploti moja, notisi tatu

Mwalimu mstaafu wa Free Area, Nakuru, anauliza: "Marehemu mume wangu aliniachia ploti. Mbele kuna hoteli ya chai na chapati, inalipa Sh9,000 kwa mwezi. Katikati kuna bedsita sita za mawe, Sh6,500 kila moja. Nyuma kuna vyumba vya mabati vya Sh2,200. Hakuna hata mmoja tuliyeandikiana naye mkataba. Wa bedsita nambari 4 hajalipa miezi mitatu na simu hashiki. Wa hoteli analipa vizuri, ila nataka atoke nijenge gorofa. Kwenye mabati kuna mpangaji anayepigana na majirani kila wikendi. Keateka, yaani mtunza ploti wangu, anasema niwatumie wote notisi ya mwezi mmoja kwa WhatsApp, na wasipotoka tung'oe milango. Je, notisi hiyo ni halali?"

Mwalimu, pole kwa kuondokewa na mzee, na ninashukuru umeuliza milango ikiwa bado iko mahali pake. Katika miaka yangu ya uwakili hapa Nakuru nimeona wenye nyumba waliokuwa na haki kabisa ya kudai chumba chao wakiishia kumlipa fidia mtu aliyekuwa na deni lao, kwa sababu tu ya namna walivyomtoa. Linaniuma kila mara, kwa kuwa karatasi moja iliyoandikwa vizuri ingetosha kulizuia.

Nikujibu moja kwa moja. Notisi ya mwezi mmoja inaweza kusimama kwa bedsita nambari 4, ukizipanga tarehe sawasawa. Kwa hoteli haina nguvu yoyote. Kwa mabati haitoshi peke yake. Na kung'oa milango ni haramu kwa wote watatu.

Keateka wako anakushauri kile anachokiona kwenye ploti za jirani, ambako deni ndilo linaloamua kila kitu. Sheria haianzi na deni. Inaanza kwa kuuliza huyu ni mpangaji wa aina gani: anaishi hapo au anafanya biashara, analipa kodi ngapi, na mliandikiana nini. Ukiyajibu hayo utakuta ndani ya ua wako mmoja kuna wapangaji wa aina tatu, na kila mmoja yuko chini ya sheria yake.

Tuanze na bedsita. Kwa kuwa hamkuandikiana na kodi inalipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamhesabu huyo kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Kifungu cha 57 kinaruhusu upande wowote kumaliza upangaji wa namna hiyo kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi cha kodi, yaani mwezi mmoja, na notisi hiyo iishe siku ya kulipa kodi. Wengi hushika nusu ya kwanza ya kanuni hii na kuiacha ya pili, na hapo ndipo kesi zinapoharibika.

Tuseme kodi yako inalipwa tarehe 5. Ukimpa notisi tarehe 12 Machi, huwezi kumwambia atoke 12 Aprili. Mwezi umetimia, lakini tarehe 12 si siku ya kodi. Wala huwezi kumwambia atoke 5 Aprili, kwa sababu mwezi haujatimia. Tarehe halali ya karibu zaidi ni 5 Mei. Ungeiwahisha hadi tarehe 4 Machi, angepaswa kutoka 5 Aprili. Siku nane za kuchelewa zinakugharimu mwezi mzima, kwa hiyo tazama kalenda kabla ya kushika kalamu.

Notisi ya kifungu hicho haikulazimishi kutoa sababu. Unamaliza tu upangaji, kama yeye naye anavyoweza kuumaliza akipata kwingine. Ipo njia nyingine, ya kumtoa kwa kuvunja masharti: hapo unampa notisi isiyopungua siku 30, unataja kosa lenyewe, na kama kosa linarekebishika unampa muda wa kulirekebisha. Njia hiyo ni ya lazima pale ambapo mtu ana mkataba wa muda maalumu, tuseme mwaka mmoja, na wewe unataka kuukatiza katikati kwa sababu halipi. Huyo huwezi kumwambia mwezi mmoja aondoke, isipokuwa mkataba wenyewe unasema hivyo. Kwa nambari 4 sioni haja ya kupita huko. Ukimtoa kwa kosa, akilipa ndani ya siku alizopewa umerudi ulikoanza. Ukimaliza upangaji wa mwezi hadi mwezi, alipe asilipe, tarehe inabaki pale pale na deni unalidai kando.

Ila jiulize kwanza unachokitaka. Kama huyo kijana akilipa Sh19,500 leo ungefurahi abaki, usimwandikie notisi ya kutoka. Mwandikie barua ya kudai kodi, mpangie awamu, kisha nyote wawili mtie sahihi. Notisi ya kutisha mtu, ambayo mwenyewe huna nia ya kuifuata, humfundisha mpangaji kwamba karatasi zako hazina uzito.

Kama umeamua atoke, andika hivi, kwa Kiswahili chepesi anachokielewa:

"Kwa (majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho), bedsita nambari 4, ploti nambari fulani, Free Area, Nakuru. Ninakupa notisi ya kumaliza upangaji wako wa mwezi hadi mwezi wa bedsita hiyo. Upangaji utakoma tarehe 5 Mei. Siku hiyo unatakiwa kunikabidhi chumba kikiwa wazi pamoja na ufunguo. Hadi leo unadaiwa kodi ya miezi mitatu, Sh19,500. Malipo ya deni hilo, au ya kodi ya siku zilizosalia, hayafuti notisi hii."

Tia tarehe na mwaka, jina lako na sahihi. Hakuna haja ya maneno ya "utajua mimi ni nani" wala "nitakuitia polisi". Hakimu atakuja kuisoma barua hiyo, na sauti yako ndani yake itamwambia mengi.

Sentensi ile ya mwisho kuhusu malipo nimeiweka makusudi. Tarehe 5 Mei ikipita na yeye bado yumo, mara nyingi kinachofuata ni simu yako kulia: M-Pesa, Sh6,500, kutoka kwake. Kifungu cha 60 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba kupokea kodi baada ya upangaji kuisha hakumaanishi peke yake kuwa umekubali abaki. Lakini ukiendelea kuipokea kwa miezi miwili naye bado yumo ndani, upangaji mpya wa mwezi hadi mwezi unahesabiwa kuwa umezaliwa, na notisi yako ya kwanza imekufa. Kwa hiyo pesa ikiingia, mwandikie siku hiyo hiyo kwamba umeipokea kama malipo ya deni au ya matumizi ya chumba, na kwamba notisi ingali hai. Kisha nenda mahakamani mapema, usingoje mwezi wa pili.

Sasa hoteli. Hapa nakuomba utulie, maana ndipo pesa nyingi ilipo na ndipo sheria ilipo kali zaidi.

Maduka, hoteli na mahali pa kuuza chakula vina sheria yao, Sura ya 301. Hoteli yako ya chai imo, kwa sababu inauza chakula cha kuliwa hapo hapo. Kinyozi, saluni au fundi viatu angekuwemo vilevile, kwa kuwa sheria inaita duka hata mahali pa kutoa huduma kwa malipo. Mpangaji wa biashara analindwa na sheria hii ikiwa hamkuandikiana chochote, au mliandikiana kwa muda usiozidi miaka 5, au mkataba una kipengele cha kuuvunja kabla ya miaka 5 bila kosa. Wenye ploti wengi hudhani kutoandikiana mkataba kunawaachia uhuru wa kumtoa mtu wakati wowote. Kwa biashara ni kinyume chake: kule kutoandikiana ndiko kunakomweka mpangaji chini ya ulinzi.

Mpangaji huyo hatolewi kwa barua ya kawaida. Notisi yake ina fomu maalumu iliyowekwa na kanuni, Fomu A. Lazima itaje sababu. Lazima imtake akujibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu kuipokea, kama anakubali au la. Na lazima tarehe ya kuanza kazi iwe angalau miezi miwili baada ya siku aliyoipokea. Nimesema aliyoipokea, si uliyoiandika. Moja likikosekana, notisi yote ni bure, hata kama sababu yako ni ya kweli kiasi gani.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nikiwa wakili mchanga nilimwandikia mpangaji wa duka barua ya miezi miwili, yenye nembo ya ofisi, sababu zikiwa zimepangwa vizuri kabisa. Sikutumia Fomu A. Mpangaji alipoipinga, barua yangu ilitupwa bila hata sababu zenyewe kusikilizwa, na mteja wangu, mjane kama wewe, akaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Fundi alikuwa amekwisha kushusha mawe na mchanga. Sijaisahau sura yake siku ile.

Sababu zinazokubalika zimeorodheshwa katika kifungu cha 7. Zimo kuchelewesha kodi miezi miwili baada ya siku yake, kuchelewesha mara kwa mara, kuvunja masharti kwa uzito, na mwenye jengo kutaka kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Yako wewe ni kubomoa au kujenga upya, na sheria inaongeza sharti kwamba kazi hiyo isiwezekane ipasavyo mpangaji akiwa ndani. Usimtafutie kosa la kodi mtu anayelipa vizuri. Andika ukweli: unabomoa ujenge gorofa. Kisha uwe tayari kuuthibitisha. Michoro iwe imeidhinishwa na kaunti, makadirio ya fundi yawepo, na pesa au mkopo uonekane. Nia iliyo kichwani haitoshi. Mimi ningekushauri usimpe Fomu A kabla michoro haijarudi kutoka kaunti na muhuri wake.

Akiipinga, anapeleka malalamiko kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika, na upangaji unaendelea hadi jopo likate shauri. Makao ya jopo yako Nairobi, lakini husikiliza kesi za Nakuru na Kisumu pia. Asipopinga na tarehe ikafika, notisi inashika. Hata hapo, kama hatoki, unaliomba jopo amri. Hutumi vijana na nyundo.

Na kwa kuwa utaulizwa na majirani: kupandisha kodi ya hoteli nako kunataka Fomu A ile ile. Ujumbe wa "kuanzia mwezi ujao ni elfu kumi na mbili" haumfungi mpangaji huyo.

Kuhusu mabati nitakuwa mfupi. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh2,500 kwa mwezi ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Kiwango hicho ni cha zamani sana na mjini kimebaki kugusa vyumba vichache, lakini vyako vya Sh2,200 vimo. Mpangaji wa namna hiyo hatolewi ila kwa amri ya jopo la sheria hiyo, na jopo lazima lione kwamba ni haki kutoa amri. Kuwasumbua majirani ni sababu inayotambuliwa. Basi mpe notisi yake ya mwezi, iishe siku ya kodi, lakini anza kukusanya ushahidi leo: daftari la tarehe na saa za ugomvi, majirani wawili walio tayari kusema, nambari za ripoti zilizoandikwa kituoni kama zipo. Kumkatia maji au stima ili achoke atoke mwenyewe ni kosa la jinai chini ya sheria hiyo.

Huenda ukasikia kwenye matatu kwamba kila mtu siku hizi hupewa miezi mitatu. Miezi mitatu imo katika marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016, na inawahusu watu walioingia kwenye ardhi bila haki na kukaa, si wapangaji wako.

Nije kwenye kuipeleka notisi, jambo ambalo watu hulifanya jioni kwa haraka, halafu hulijutia kortini. Mpangaji akisimama kizimbani na kuapa kwamba hakuona karatasi yoyote, swali halitakuwa tena kama notisi ilikuwa nzuri. Litakuwa: ilimfikia? Na mwenye kuthibitisha ni wewe.

Chapisha nakala mbili. Nenda na mtu mzima asiye wa familia yako, saa ambayo mpangaji yuko. Mpe nakala moja mkononi, na kwenye ya pili mwombe aandike "nimepokea", jina, tarehe, saa, na atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, usigombane naye. Iache mbele yake, au ibandike mlangoni kama hayupo, piga picha inayoonyesha karatasi na nambari ya chumba pamoja, kisha wewe na shahidi wako mwandike hapo hapo kilichotokea: saa, maneno aliyosema, nguo alizovaa ikibidi. Ukiwa na uwezo, mlipe mpeleka hati aliyesajiliwa na mahakama. Yeye ataapa hati ya kiapo, na hati hiyo ni vigumu kuitikisa. Ongeza barua ya rejista kupitia posta kwa anwani yake ya mwisho unayoijua, na utunze risiti kama unavyotunza hati ya ploti.

Kwa hoteli, Sura ya 301 yenyewe imetaja njia: apewe mpangaji mwenyewe, au mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi anayeishi au kufanya kazi hapo, au mwajiri wake, au kwa barua ya rejista. Kwa hiyo ukimkuta yule binti anayekaanga chapati na bosi wake hayupo, kumpa yeye kunatosha kisheria. Bado mimi ningerudi kesho nimtafute mwenyewe, kwa sababu miezi miwili ni mirefu na sitaki nafasi hata ndogo ya kubishaniwa siku.

WhatsApp je? Tangu 2020 kanuni za mahakama zinakubali hati za kuitwa kortini zipelekwe kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe. Zile ni hati za kesi iliyokwisha kufunguliwa, si notisi ya mwenye nyumba. Tuma picha ya notisi kwa WhatsApp baada ya kuipeleka kwa mkono, iwe ushahidi wa ziada. Usiifute, na usibadilishe simu ukaipoteza, maana ushahidi wa simu ukifika kortini unahitaji cheti chake chini ya Sheria ya Ushahidi. Kuitegemea peke yake ni kukabidhi kesi yako kwa mtu anayeweza kusema simu ile aliiuza.

Keateka anaweza kuipeleka, ndiyo. Kuitia sahihi ni jambo jingine. Kama unataka atie sahihi kwa niaba yako, mpe kwanza barua inayosema kwamba yeye ni wakala wako kwa jambo hilo, na nakala yake ufuatanishe na notisi.

Notisi humaliza upangaji, lakini haimtoi mtu chumbani. Tarehe ikipita na wa nambari 4 bado yumo, unafungua kesi kwenye mahakama ya hakimu hapa Nakuru ukiomba vitu vitatu: amri ya kurudishiwa chumba, kodi anayodaiwa, na malipo ya kila siku aliyokaa baada ya notisi kuisha. Barua ya chifu si amri ya mahakama. Wala OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hana mamlaka ya kumtoa mpangaji kwa neno lako. Atakusindikiza tu ukiwa na amri mkononi. Na kuhusu madalali: sheria inakuruhusu kukamata mali ya mpangaji kufidia kodi, kwa kumtumia dalali mwenye leseni, si keateka. Kwa hoteli utahitaji kwanza ruhusa ya jopo. Hata hivyo kuchukuliwa televisheni si kufukuzwa. Mtu anaweza kupoteza kochi na bado akawa mpangaji wako halali kesho yake.

Sasa nikurudishe kwenye sentensi yako ya kwanza: marehemu mume wangu aliniachia ploti. Hukusema kama kesi ya mirathi imekamilika. Kama hati ya ploti bado iko kwa jina la mzee na hujapewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi yake, wakili wa mpangaji atalishika hilo kabla ya kugusa jambo lingine lolote, na atakuwa sahihi, kwa sababu mali ya marehemu hudaiwa kortini na aliyepewa barua hizo. Basi hilo lianze. Barua zikitoka, notisi ziandikwe kwa jina lako kama msimamizi wa mali ya marehemu fulani, na nakala ya barua hizo iambatane na kila notisi. Ya nambari 4 itangulie, kabla ya tarehe 5 ya mwezi utakaofuata. Ya mabati iende siku hiyo hiyo. Fomu A ya hoteli ibaki kwenye faili hadi michoro irudi kutoka kaunti.